Akala za Musila

Jumapili, 1 Juni. Nizwa, Oman

Joto limeamka kabla yangu. Jua halijafika hata juu ya ukuta na tayari bomba la maji baridi linatoa maji ya chai. Nimebakiza wiki chache za kufundisha watoto wa darasa la nne ambao vichwani mwao walishafunga shule zamani. Mimi pia nilishafunga, lakini mkataba hautaki kujua hayo.

Nimepiga nyumbani Kitengela kama kila Jumapili. Tangu mama aanguke bafuni mwezi wa nne na upande wake wa kushoto kufa ganzi, dada yangu mkubwa Evalyne amekuwa bawabu wake. Anashika simu, anaweka sauti kubwa, halafu anakaa hapo hapo. Najua anakaa kwa sababu cherehani yake inanyamaza.

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa."

"Na Musila?" Ndugu yetu huyo ndiye humuulizia kila Jumapili.

"Mzima. Si nilikwambia yuko Mashuuru na lori la mchanga? Simu yake ilianguka majini. Na network huko, wacha tu."

"Atanunua ingine lini? Miezi miwili sasa."

"Ndanu, wote wazima."

Sisi Wakenya wa huku tunataniana kwamba nyumbani wakikwambia wote wazima mara tatu kwa simu moja, anza kutafuta tiketi. Mtu wa ng'ambo haambiwi mabaya kwa simu, hiyo tunajua. Evalyne leo amesema mara mbili. Nimejituliza kwamba mbili si tatu.

3 Juni

Mtoto ametapikia rejista. Basi, hiyo ndiyo habari ya leo.

Jumapili, 8 Juni

Leo nimeongea na mama mwenyewe. Sauti yake imerudi vizuri, ni neno moja moja tu linalomteleza. Ameniuliza kuhusu joto, kuhusu watoto, kisha akapunguza sauti kama mtu anayeongea kanisani.

"Na mgeni wako, anakula?"

"Mgeni gani, mwaitu?" Sisi Wakamba ndivyo tunavyomwita mama.

Akacheka kicheko kidogo, cha mtu aliyeficha zawadi chini ya mto. "Haya, haya, nimenyamaza. Mwambie tu huku kwetu mvua imeisha."

Evalyne akaingilia mbio mbio, ati mama amechoka, ati ni wakati wa dawa. Simu ikakatwa.

Kwanza nilidhani mama ananishuku niko na mwanamume kwa nyumba. Ningefurahi kama ni hivyo. Mama akinishuku, hiyo ni afya. Lakini nilivyokaa nikaanza kuogopa. Nimesoma kwamba kiharusi kinaweza kumwacha mtu akiongea vizuri kabisa huku akili imeanza kuhama. Sikutaka kusoma zaidi nikazima simu.

11 Juni

Judy, muuguzi wa zahanati ya shule, amerudi kutoka likizo Kenya na mzigo kutoka kwa mama. Mama alimtuma jirani yetu Nyakio kwa siri mpaka soko la Bisil, akamwonya asimwambie Evalyne. Judy alicheka akinisimulia. Mimi sikucheka.

Ndani kuna mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyotwangwa vizuri yakatoka maganda, chakula ambacho mama anajua ningetembea kwa miguu kukifuata. Chini yake kuna akala. Akala mpya za tairi, za mwanamume, miguu mikubwa, kamba zimeshonwa kwa uzi mwekundu. Musila hawezi kuvaa akala bila uzi mwekundu. Ndugu yangu huyo ana miaka ishirini na sita na anajali akala zake kuliko wanaume wengine wanavyojali magari.

Mama amesahau mguu wangu. Au amesahau ni mtoto yupi yuko wapi. Nililia juu ya muthokoi kama mjinga, kisha nikaiosha nikaipika na maharagwe, nikala yote.

12 Juni

Babul, mlinzi wa getini, Mbangladeshi, viatu vyake vimepasuka vyote viwili. Nimempa zile akala. Zimemkaa kana kwamba fundi alimpima yeye. Alizunguka geti mara kadhaa akinionyesha, kisha akashuka nazo kwenye wadi, ule mto mkavu nyuma ya shule anaouvuka kila jioni kwenda anakolala. Nimejiambia Musila nitamnunulia zingine nikifika.

Jumapili, 15 Juni

"Mzigo ulifika?" mama akauliza, tena kwa ile sauti ya kanisani.

"Ulifika, mwaitu. Asante sana."

"Na zilimtosha?"

Nikamwona Babul akilini, akizunguka geti. "Zilimtosha sana," nikasema, ili tu afurahi.

Mama alipiga makofi. Nilisikia, mkono mzima ukipiga ule uliolegea. "Asante Yesu! Asante Yesu!"

"Mama!" Evalyne akafoka kwa nyuma. "Si tulikubaliana?"

Walikubaliana nini? Nilipiga tena mara nyingi. Hakushika mtu.

18 Juni

Ujumbe wa Evalyne: *Si ukuje December? Huku baridi ni mbaya na kuna mafundi kwa ploti, hakukaliki.*

Mafundi gani? Wanajenga nini? Huyu dada yangu ananificha kitu. Alikuwa mtu wa kuongea mpaka uji unaungua, sasa ananipimia maneno. Nimewaza mambo mabaya: kwamba anamfungia mama ndani, kwamba ameuza kipande cha ploti akitumia ugonjwa wake. Nimemjibu kwamba tiketi imeshakatwa na mimi sihitaji ruhusa ya kwenda kwa mama yangu.

26 Juni

Shule imefungwa. Watoto wameimba, wazazi wameleta keki, mkuu wa shule ametoa hotuba ile ile ya mwaka jana. Nilimrekodia Musila sauti: "Nakuja tarehe mbili, wewe kichwa maji. Kuja uniokoe kwa hawa wanawake." Alama ya kijivu ni moja tu. Nimepanda juu nikaangalia ujumbe wangu wote kwake tangu Aprili. Kila mmoja una alama moja.

2 Julai. Kitengela

Nitaandika yote sasa, nikingoja kesho nitaanza kuyapanga yawe afadhali.

Evalyne alikuja kunichukua uwanja wa ndege na teksi. Sikumjua mara moja. Amekonda, kola ya koti lake imezidi shingo. Tulisalimiana kama watu wanaodaiana. Tulipopita Athi River Evalyne akamwambia dereva aingie kituo cha mafuta, atuache kidogo. Dereva akashuka bila kuuliza, na hapo nikajua hata yeye anajua.

"Ni mama?" nikauliza.

"Si mama."

Akafungua mkoba wake akatoa kitu kimefungwa kwa kitambaa cha sare za shule anazoshona. Akala moja, kuukuu, imekauka imejikunja. Uzi mwekundu.

Nilijua kabla hajafungua mdomo. Mwili wangu ulijua. Nilianza kupiga kiti cha mbele kwa mikono yote miwili na yeye akaniacha nikapiga.

Ilikuwa Aprili, siku mbili baada ya mama kuanguka. Lori lilikuwa ndani ya mto wa Mashuuru, ule ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, wanapakia. Juu yao jua. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, na hakuna aliyejua. Walisikia mngurumo, dereva akapiga kelele watoke. Wote walitoka. Musila akarudi kuchukua makoleo, kwa sababu koleo likipotea mpakiaji ndiye hulilipa. Dereva alishika mti. Lori lilipatikana chini sana, limelala ubavu. Mzee Koinet, mwenye ng'ombe huko, alitafuta na vijana wake siku nyingi, akapata hii akala kwenye vichaka. Ndugu yangu hakupatikana. Mpaka leo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alikuwa hospitali. Daktari alisema mshtuko mmoja tu na tunampoteza. Ungekuja ukilia hivi, angekuona."

"Yeye ulimwambia nini?"

Evalyne alitazama nje ya dirisha. "Kila asubuhi alikuwa anamuulizia. Musila wapi, mbona hakuji kuniona. Hakuwa anakula, Ndanu. Hata kijiko. Siku moja nikajisikia tu nikisema, Musila alipata visa ghafla. Ameenda kwa Ndanu." Akafuta uso kwa kile kitambaa. "Siku hiyo alimaliza uji. Akaomba mwingine."

"Mgeni," nikasema.

"Nilimwambia asimtaje kwa simu. Kwamba hana karatasi bado, na huko simu zinasikizwa, wakisikia watamshika. Mimi nilikuwa nasubiri apone ndio nimwambie. Halafu akapona juu ya hadithi hiyo hiyo. Sasa nitaitoa vipi?"

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Kisha dereva akarudi, tukaenda nyumbani.

Mama alikuwa amesimama getini na fimbo, amevaa lile gauni la Krismasi. Alinikumbatia kwa mkono mmoja. Kisha akatazama nyuma yangu, ndani ya teksi, kidogo tu, kama mtu anayejua hapaswi kutazama lakini anatumaini.

Jioni Evalyne alipoenda jikoni, mama alinivuta sikio. "Amebaki salama?"

Evalyne alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, ananitazama.

"Amebaki salama, mwaitu," nikasema.

3 Julai

Nimeona wanachojenga. Nyuma ya nyumba kuna msingi na kuta zimefika dirishani. Vyumba viwili, mlango unaotazama mashariki.

"Kijana hawezi kurudi kutoka ng'ambo alale kwa kochi ya mama yake," mama alisema. "Akikuja na bibi je?" Alinionyesha kila chumba kwa fimbo. Hapa kitanda. Hapa televisheni. Fundi Muema, Mkamba mwenzetu, alikuwa anapanga mawe na hakuinua kichwa. Nilipomsalimu alisema "Pole ya safari," akakaza ile *pole* kwa njia yake.

Yeye pia anajua.

4 Julai

Baridi. Wingu limekalia Kitengela yote na halitaki kunyesha wala kuondoka.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Watu walinishika mkono kwa mikono miwili na kunitazama muda mrefu. Mama alidhani ni heshima ya mtu aliyetoka mbali, akawa anajivuna pembeni yangu. Mchungaji Githongo alisoma matangazo bila kuangalia safu yetu.

Njiani kurudi, Evalyne aliniambia jambo ambalo alikuwa hajalimaliza. Mwezi wa tano, mama alipoweza kutembea, alidai apelekwe kanisani atoe sadaka ya shukrani. Alipanda mbele na fimbo yake, akashuhudia: mtoto wangu amesafiri, Mungu amefungua mlango. Kanisa zima lilikuwa limeshafanya maombi ya Musila kwa nyumba ya Nyakio, mama akiwa bado hospitali. Kila mtu pale alikuwa amelia.

"Wakafanya nini?"

"Wakaimba," Evalyne akasema. "Wangefanya nini? Waliimba na yeye, akacheza."

9 Julai

Lori la mchanga lilimwaga asubuhi. Nilikuwa naanika nguo nikasikia ule mporomoko na nikajua kabla sijageuka. Mama alikuwa anamshukuru dereva.

"Huu ni wa Mashuuru," akaniita nikaone. Alichota kiganja akakiacha kidondoke. "Angalia, hauna udongo. Musila mwenyewe aliniambia, mama, ukijenga usikubali mchanga mwingine."

Nilirudi kwenye kamba nikaanika tena nguo ambazo nilikuwa nimeshaanika.

11 Julai

Mwanzoni mwa wiki Koinet alimpigia Evalyne. Mto sasa umekauka kabisa na wachimbaji wamerudi. Wanachimba kwenye kona ile ambapo lori lilipatikana. Amewaambia wakiona chochote, chochote, wasiguse, wampigie.

Kwa hivyo tunangoja simu. Evalyne anashona na simu mapajani. Ikilia, sisi wawili tunaruka na mama anatuuliza tuna nini. Juzi ilikuwa kampuni ya simu ikituuzia bando.

Na mama anasema, "Wakati wa Krismasi mwambie apige hata dakika moja. Hata wakisikia. Mimi nitakuwa nimenyamaza, nisikie tu akipumua."

Nilikuwa namchukia dada yangu kwa kudanganya. Sasa nadanganya vizuri kuliko yeye. Nimempa Musila kazi ya bohari, nimempa chumba chenye kipoza hewa, nimempa rafiki anayeitwa Babul. Mama akicheka, mimi natafuta kingine cha kuongeza. Usiku wa jana Evalyne alinishika mkono tukiosha vyombo, akasema, "Umeona sasa?" Nimeona. Nimemwomba msamaha kwa yale majina.

13 Julai

Upepo. Mchanga umeingia kwenye ugali.

14 Julai

Muema ana wavu wa kuchekechea mchanga, ameuegemeza kwa ukuta. Asubuhi kabla hajafika niliuchukua nikaanza kuchekecha. Koleo baada ya koleo. Mawe madogo, vijiti, mfupa. Nilikaa chini na ule mfupa mkononi mpaka Muema akaja, akaupokea polepole, akasema ni wa mbuzi. "Madam, acha nifanye mimi. Hii si kazi yako."

15 Julai

Nimechekecha tena. Siwezi kuacha. Nikiwa ndani, hilo lundo naliona kupitia pazia.

16 Julai

Nilikuwa nimefika katikati ya lundo. Sikumsikia akija, kwa sababu fimbo haitoi sauti kwa mchanga.

"Unatafuta nini?"

"Nasaidia Muema, mwaitu."

"Muema ana mikono. Nimekuona jana. Nimekuona juzi. Unachekecha, halafu unaangalia yale mawe moja moja." Akakaa juu ya mawe ya ujenzi, fimbo katikati ya magoti. "Ndanu. Unatafuta nini kwa mchanga wa Mashuuru?"

Nilifungua mdomo niseme nilipoteza pete. Nilikuwa nayo tayari, uongo mzima na pete yake. Nikamtazama mama yangu na gauni lake limejaa vumbi la nyumba ya Musila.

"Musila," nikasema.

Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti hapo hapo. Evalyne alitoka mbio na mkasi mkononi, akasimama. Nilimwona anamtazama mama mdomo, mkono, jicho, vile daktari alimfundisha. Mimi pia nilikuwa nangoja aanguke.

Hakuanguka. Alikaa. Alikaa muda ambao jirani aliita kuku wake wote wakaingia.

"Hajawahi kupanda ndege," mama akasema mwishowe.

"Hapana, mwaitu."

"Nilikuwa namwombea baridi ya ndege. Kila usiku namwombea asishikwe na polisi wa Waarabu." Akageukia Evalyne. "Na alikuwa kwa mto."

Evalyne alianza kusema daktari, mshtuko. Mama akainua mkono ule mbovu, ukafika kifuani tu. "Nani mwingine alijua?"

Evalyne aliweka mkasi chini.

"Nyakio? Muema? Mchungaji?"

"Wote, mwaitu," nikasema.

Hapo ndipo alilia. Si kwa sauti. Aliinama mpaka paji la uso likagusa fimbo, na mimi na dada yangu tulimshika kutoka pande zote mbili, tukamshika na mchanga wetu wote.

17 Julai

Mama amekula uji nusu. Ameomba ile akala kuukuu, Evalyne akampa. Presha imepimwa asubuhi na jioni na iko juu lakini si sana.

Jumapili, 20 Julai

Tulimwambia asiende kanisani. Alivaa mwenyewe, vifungo vyote, ilichukua muda mrefu, hakutaka msaada.

Walipofika wakati wa sadaka alisimama akaenda mbele. Mchungaji Githongo alimpisha kwenye kipaza sauti. Naona alidhani ni shukrani nyingine, uso wake ukawa kama karatasi.

"Mwezi wa tano nilisimama hapa," mama akasema, "nikawaambia kijana wangu amesafiri. Mkaimba. Mimi mgonjwa, nikacheza mbele yenu. Leo sina maneno mengi. Ambaye alikuwa anajua siku ile, asimame."

Watoto wachanga ndio waliosikika tu. Kisha Nyakio akasimama. Kisha Muema na mkewe. Halafu safu ya akina mama, halafu kwaya yote na mavazi yao, halafu wazee wa kanisa. Hata wale wa shule ya Jumapili walisimama, kwa sababu wakubwa wamesimama. Mchungaji alikuwa tayari amesimama, akawa anaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyenyimwa hata hiyo nafasi.

Mama alitutazama wote. Nilijua atatulaani na nikakubali.

"Mlifanya kwa kunipenda," akasema. "Najua. Lakini mliniacha nikicheka peke yangu kwa matanga ya mtoto wangu. Kaeni chini. Sasa mnisaidie kulia."

Sitaandika zaidi ya hapo.

23 Julai

Muema amekataa kukoroga ule mchanga. Mama hakumlazimisha. "Utarudi mtoni," alisema tu. Tukadhani ni huzuni inaongea.

Jumamosi, 26 Julai. Mashuuru

Ulirudi. Mama alimpigia mwenye lori mwenyewe, na mwenye lori, ambaye makoleo yake ndiyo yalimrudisha ndugu yangu mtoni, hakuthubutu kusema hapana. Walipakia wote, hata ule nilioufagia na ufagio.

Wachimbaji walikuwa wengi ndani ya mto, chini ya jua, kila mtu na shimo lake. Lori lilipoingia wakasogea lipakiwe. Walipoona limejaa, wakatazamana. Lilipoinua bodi na kumwaga, wakaacha kuchimba. Mmoja akavua kofia, kisha wote.

Mzee Koinet alishuka ukingoni na blanketi lake. "Takwenya, yeyo," akamsalimu mama kwa Kimaa.

"Iko," mama akajibu. Miaka yote ya kuuza mboga Kitengela imemwachia hiyo.

"Tumechimba mpaka pale kwa miti," Koinet akasema. "Bado. Hatujaacha."

Mama alivua viatu, akaingia kwenye mchanga na miguu mitupu, mguu wa kushoto ukikokota nyuma. Alichimba kwa mkono, akaweka ile akala, akaifunika. Evalyne alimwambia mvua za Oktoba zitaichukua.

"Ndio nataka," mama akasema. "Itajua pa kwenda."

Wakati wa kurudi garini aliniuliza, bila kunitazama, "Na zile mpya? Ulisema zilimtosha nani?"

"Mlinzi wa shule. Jina lake ni Babul. Sikujua, mwaitu. Ningejua nisingempa."

Alifikiria mpaka tukafika barabarani. "Ana mama?"

"Sijawahi kumuuliza."

"Muulize."

14 Agosti

Naondoka. Kuta bado ziko dirishani. Mama hasemi zimalizwe wala zibomolewe. Anakaa ndani yake jioni, kwenye chumba cha kitanda, akitazama juu ambako hakuna paa. Evalyne ameanza kuongea tena, uji umeungua leo. Amenikumbatia uwanja wa ndege na kusema, "Kukitokea chochote nitakwambia siku hiyo hiyo. Hata kama ni kwa simu." Nimemwambia na mimi pia.

Simu ya Koinet haijaja.

Jumapili, 24 Agosti. Nizwa

Kuna habari kwamba milimani kumenyesha. Hapa mjini hata tone. Babul aliinuka kitini aliponiona, akala miguuni, uzi mwekundu umefifia kwa jua.

"Babul, una mama?"

Alishangaa. "Niko naye, madam. Kijijini."

"Unampigia?"

"Kila Ijumaa."

Nikampigia mama yangu nikamwambia. Nyuma yake nikasikia cherehani ya Evalyne ikiendelea.

"Basi mwambie," mama akasema, "kukinyesha mbali asivuke."

Jioni zamu yake ilipoisha nilimwambia. Nilimwonyesha milima, wingu jeusi lililokuwa limekaa juu yake, na wadi hapo chini. Babul alicheka kwa heshima. "Madam, ni mkavu. Angalia. Mkavu kabisa."

Nikamwambia azunguke na barabara. Akatazama barabara, akatazama jua, akasema ni mbali, akanipungia mkono na kushuka. Nilimfuata mpaka ukingoni nikasimama pale, nikisikiliza upande wa milimani, mpaka nilipomwona anapanda ng'ambo ya pili.